Tulicheza Salome, Hatukuichambua

Mwaka 2001 mwanamke kutoka Bukoba alitoa albamu ambayo sehemu yake kubwa imeimbwa kwa Kihaya, na nchi nzima ikaikubali. Hilo peke yake lilikuwa jambo. Mwaka huohuo Professor Jay alitoa Machozi Jasho na Damu, na Bongo Fleva ilikuwa inapanda kwa kasi kwelikweli. Kila kijana mwenye daftari alikuwa anaandika mistari. Katikati ya kelele hizo akaingia Saida Karoli na Maria Salome, ngoma mbele, gitaa pembeni, waitikiaji nyuma, na ile sauti nyembamba isiyolazimishwa. Ikapigwa kwenye mabasi, kwenye harusi, kwenye baa. Watu wasiojua hata salamu moja ya Kihaya wakaikariri.

Zaidi ya miaka 20 imepita na bado inapigwa. Kwa hiyo siandiki kumtetea Saida dhidi ya watu wasiompenda. Wanaompenda ni wengi kuliko anavyohitaji. Ninachotaka kukitazama ni aina ya sifa tulizompa. Ukizikusanya, kuanzia zile za redioni mpaka za magazetini na za vijiweni, utaona zinarudia maneno yaleyale matatu: sauti tamu, muziki wa asili, "sielewi anachosema lakini nasikia raha." Zote ni sifa, na waliozitoa hawakuwa na nia mbaya. Ila zikikaa pamoja zinatengeneza picha ya mwimbaji asiye na maneno. Zinamfanya Saida awe kama ndege mtini: anaimba vizuri, basi.

Angalia hata jina la wimbo wenyewe. Jina rasmi ni "Maria Salome". Mtaani wengi wanauita "Chambua Kama Karanga". Kwa nini? Kwa sababu hapo ndipo Kiswahili kinapojitokeza wazi. Wimbo unakwenda kwa Kihaya, unatoa kichwa nje kwa Kiswahili, na sisi tukakamata kichwa. Tukawa na kijipande kimoja tulichokielewa, tukakifanya kiwe wimbo mzima.

Na bahati yetu mbaya, neno lenyewe tulilolikamata ni "chambua". Anayechambua karanga anatenga punje na ganda, anaweka nzima huku na mbovu kule. Kiswahili kikachukua kazi hiyo ya mikono kikaipeleka vitabuni: uchambuzi wa riwaya, uchambuzi wa ushairi, mchambuzi wa fasihi. Wimbo uliotuambia tuchambue ndio ambao hatukuuchambua.

Linganisha na Professor Jay. "Ndio Mzee" ilipotoka, watu waliisikiliza kama hotuba ya mgombea. Walihesabu ahadi, wakacheka, wakabishana anamsema nani. Hakuna aliyesema "sijali anachosema, sauti yake tamu." Kwa Jay tuliuliza: anasema nini, kwa nini sasa, anamwambia nani? Mpaka leo wanafunzi wa vyuo wanaandika tasnifu juu ya maneno ya Bongo Fleva. Kwa Saida tuliuliza swali moja tu: anatoka wapi? Tukishajibiwa Bukoba, tukaridhika.

Kuna mtu atasema: hiyo ni kawaida ya muziki, bana. Mbona Watanzania wamecheza Franco miaka yote na Kilingala hawakijui? Hoja hii ina uzito na nisingependa kuipita haraka. Ni kweli, huhitaji kamusi ili ucheze. Gitaa linaongea lenyewe. Lakini kumbuka namna tulivyokuwa tunamzungumzia Franco. Tulimwita mtunzi. Tulimtafuta mtu aliyewahi kuishi Kinshasa au aliyevuka ziwa kutoka Kalemie atueleze wimbo huu unamsema mwanamke gani, ule unamchokoza mkubwa gani. Hata asiyejua Kilingala alijua kwamba ndani mna jambo, na kwamba kutolielewa ni upungufu wake yeye msikilizaji. Kwa albamu ya Saida hatukuona upungufu wowote. Kutoelewa kukawa sehemu ya utamu.

Tofauti hiyo imebebwa na neno "asili". Tunalitumia hata kwenye tuzo. Tuzo za Muziki Tanzania, zile tulizozoea kuziita Kili, zilikuwa na vipengele vya muziki wa asili, na mwaka 2005 Saida aliteuliwa humo na pia kama mwimbaji bora wa kike. Heshima kubwa. Ila jiulize neno hilo linafanya kazi gani. Rapa anayetumia mdundo uliozaliwa New York ana albamu "yake". Anayetumia mdundo wa Kagera ana albamu "ya asili". Wa kwanza anahesabiwa ametunga. Wa pili anahesabiwa amechota, kana kwamba nyimbo zilikuwa zimejaa kisimani na yeye amekwenda na ndoo.

Ukiuliza kwa nini tumefika hapo, jibu halipo kwenye muziki. Lipo kwenye historia ya nchi. Tangu uhuru tumejengwa tuone Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, na tukafaulu kiasi cha kuonewa wivu na majirani. Katika kufaulu huko tulijifunza pia adabu fulani: kabila halitajwi hovyo mbele za watu. "Wimbo wa Kihaya" ni maneno yanayotaja kabila. "Wimbo wa asili" ni maneno ya adabu, hayamkeri mtu. Kwa hiyo albamu ya Kihaya ikitaka kuingia sebule ya taifa inavuliwa viatu mlangoni, inapewa jina la asili, inakaribishwa kwa makofi. Mimi siidharau adabu hii. Tumeona nchi za jirani kilichotokea watu walipoanza kupangwa kwa makabila, na sisi wa Kigoma tumeona zaidi, maana waliokimbia walikuja kwetu. Lakini adabu nayo ina gharama zake, na mojawapo ni hii: lugha tunaipokea kama sauti, hatuipokei kama maneno.

Tazama upande wa vyombo vya habari. Uganda wana CBS inayotangaza kwa Kiganda. Kenya, tangu Kameme FM ilipoanza mwaka 2000, zimefuata redio nyingi za lugha za nyumbani, Ramogi ikiwa mojawapo. Wimbo wa Kiluo ukitoka, kuna mtangazaji wa Kiluo wa kuuhoji, kuna msikilizaji wa kupiga simu kusema methali hii umeitumia vibaya, kuna mzee wa kukumbusha kwamba sauti hii ilianza na fulani. Huo ni uhakiki, hata kama hauitwi hivyo. Kwetu redio zinatangaza kwa Kiswahili, kwa desturi na kwa kanuni. Kihaya hakina kituo chake, Kiha hakina, Kisukuma na ukubwa wake wote hakina. Basi albamu ya Kihaya ikija inakuta wachezaji wengi na wahakiki hakuna. Mhaya anayeielewa anaielewa nyumbani kwake, kimya kimya.

Sasa niseme jambo ambalo kwa mtu wa Dar huenda lisionekane. Mimi naandika nikiwa Kibondo. Kutoka hapa ukishika barabara ya Kakonko unafika Nyakanazi, ukiendelea Biharamulo, halafu Bukoba. Kihaya si Kiha. Mhaya na Muha wakikutana wataongea Kiswahili, na afadhali wafanye hivyo. Lakini sikio la Muha, na la Mrundi pia, likisikiliza albamu ile haliko gizani kabisa. Sisi moyo ni umutima, wao ni omutima. Moto kwetu umuriro, kwao omulilo. Mtoto umwana, omwana. Ndizi ibitoke, ebitoke. Ukishagundua kwamba kile kiambishi cha mbele chetu cha "u" kwao kinakuwa "o", na "i" yetu kwao ni "e", milango inaanza kufunguka mmoja mmoja. Halafu inakuja milango isiyofunguka: mvua yetu imvura, yao enjura, ng'ombe wetu inka, wao ente. Unasikiliza kama mtu anayesikia mazungumzo ya jirani kupitia ukuta wa tofali mbichi. Unapata moyo, unapata mtoto, unakosa kilichotokea katikati.

Usikilizaji wa namna hii ni tofauti na ule wa "sielewi lakini tamu". Ukishapata neno moja kati ya matano, huwezi tena kusema ni sauti tupu. Unajua kuna habari inasimuliwa, na inakukera kwamba hujaipata yote. Nadhani ndiyo maana Saida alishika vile Uganda. Kampala walimjaa. Kihaya kiko karibu na Kinyankole, na hakiko mbali na Kiganda, kwa hiyo kule walimsikia kwa maneno na kwa sauti vyote viwili. Inachekesha kidogo na inauma kidogo: msanii wa Tanzania alisomwa vizuri zaidi nje ya mpaka kuliko ndani. Wageni walimwelewa, wenyeji tulimshangilia.

Na sisi wa mpakani tulikuwa na jambo jingine la kumsomea: ngoma. Saida anaimba, na ngoma anaipiga mwenyewe. Kwa Dar hilo lilikuwa ni urembo wa jukwaani. Kwa mtu aliyekulia jirani na Burundi si jambo dogo. Huko ngoma za kifalme, zile ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake mwaka 2014, ni kazi ya wanaume, na mwaka 2017 amri ya rais iliandika kabisa kwamba wanawake hawaruhusiwi kuzipiga. Mapokeo ya Bukoba ni mengine na sitaki kuyachanganya. Nasema tu kwamba mwanamke mwenye ngoma mikononi, akiwa ndiye kiongozi wa wimbo na wengine wakimwitikia, ana maana moja kwa Kariakoo na maana nyingine kwa mtu wa Kakonko aliyezaliwa akisikia Kirundi. Mhakiki aliyesema "anacheza vizuri na ngoma yake" hakukosea. Ameacha tu.

Turudi kwenye albamu yenyewe na hili suala la kisima na ndoo. Je, ni kweli kwamba kwa Wahaya wimbo hauna mwenyewe? Hapa tuna ushahidi mzuri, na bahati njema umeandikwa na Mtanzania. M. M. Mulokozi, ambaye wengi tunamjua kwa mashairi na kwa tamthilia ya Mukwava wa Uhehe, alitumia miaka mingi kufuatilia waimbaji wa nanga wa Kihaya. Nanga ni kile chombo cha nyuzi kilichochongwa kama karai refu la mti. Warundi na Waha nao wanacho, wanakiita inanga. Mulokozi hakuandika kuhusu "mapokeo ya Wahaya" kwa ujumla tu. Aliandika kuhusu watu. Aliandika kuhusu Habibu Selemani, mwimbaji wa tendi aliyefariki mwaka 1993, akaeleza maisha yake na sanaa yake. Msikilizaji wa Kihaya alijua tofauti kati ya Habibu na mwimbaji mwingine, kama wewe unavyojua tofauti kati ya Shaaban Robert na Mathias Mnyampala. Hadithi inaweza kuwa ya wote. Namna ya kuisema ilikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo ule utamaduni tunaoutaja tukisema "asili" haukuwa na wimbo usio na mtu. Hilo la kukosa mtu tumelileta sisi wa mjini, tulipoufungasha muziki wa watu wote wa bara kwenye gunia moja lenye chapa ya asili.

Ukimsikiliza Saida ukiwa na Habibu kichwani, albamu inabadilika. Unaona kwamba hakubeba mapokeo kama yalivyo. Nanga hakuileta mbele, ameleta ngoma na gitaa. Tendi ndefu za wanaume mashujaa hakuzileta, ameleta nyimbo fupi, na mbele kabisa ameweka jina la mwanamke. Jina lenyewe, Maria Salome, si la kishujaa wala la kale. Ni jina la ubatizo, la Injili, la kanisani, linalomwita mtu wa leo ambaye unaweza kumkuta gengeni. Kisha ameingiza Kiswahili mahali alipotaka kiingie. Hayo yote ni maamuzi. Mtu hachoti maamuzi kisimani.

Hilo la Kiswahili lingestahili makala yake peke yake. Kwa nini pale na si kwingine? Unaweza kusema ni biashara, kaseti iuzike hadi Mtwara. Sawa, pengine. Lakini sikiliza linavyofanya kazi. Wimbo unakwenda kwa lugha ya ndani, halafu ghafla anageuka kama mtu anayeongea na wa nyumbani kisha akakumbuka mgeni amekaa pale, akamtupia sentensi moja asijisikie mpweke. Mgeni akafurahi, akadhani mazungumzo yote yalikuwa yanamhusu. Ndivyo tulivyofanya.

Sasa tuje kwenye mapokezi ya pili, maana albamu hii ilipokelewa mara mbili. Mwaka 2016 Diamond Platnumz akiwa na Rayvanny walitoa "Salome", wimbo uliojengwa juu ya ule wa Saida. Ukalipuka. Mwaka huohuo kule Kakonko kambi ya Mtendeli ilikuwa imefunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, na ingedumu hadi 2021 ilipofungwa, watu wakahamishiwa Nduta hapa Kibondo. Kwa hiyo kwa vijana wengi wa Kirundi wa ukanda huu, Salome waliyemjua kwanza ni wa Diamond, aliyewafikia kwenye simu. Yule wa 2001 walimjua baadaye, kama mtu anayemjua mtoto kabla ya mama.

Sina ugomvi na wimbo wa Diamond. Ni wimbo mzuri wa kuchezea, na heshima kwa chanzo imo wazi, hakuna aliyefichwa. Makubaliano yao ni yao. Kinachonishughulisha ni lugha iliyotumiwa na magazeti na mitandao kueleza tukio. Neno kuu lilikuwa "amemfufua". Diamond amemfufua Saida. Wengine, kwa upole zaidi, wakasema "amemrudisha". Mwanamke mzima, hai, mwenye albamu kadhaa, anafufuliwa. Hakuna anayesema mwanamuziki wa Marekani akichukua kipande cha James Brown kwamba amemfufua James Brown. Watasema amekopa, na ukikopa kuna mwenye mali. Sisi tulisema kufufua kwa sababu ya pili ilitokana na ya kwanza: miaka 15 nyuma tulikuwa tumempokea kama sauti, na sauti ikinyamaza huhesabiwa imekufa. Mtunzi akinyamaza bado ni mtunzi.

Mwaka 2017 Saida mwenyewe akatoa wimbo akauita "Orugambo". Kwa Kihaya ni maneno ya watu, umbea, uvumi. Jirani wa Kampala hahitaji kutafsiriwa, kwao ni olugambo. Sijui kama kuna jina la wimbo lililojibu mapokezi vizuri kuliko hilo. Na ajabu, wengi waliliandika jina hilo kwenye habari bila kueleza maana yake.

Kuna upande wa sheria ambao wahakiki wa fasihi hatupendi kuugusa, tunauona wa mawakili. Lakini hapa unagusana moja kwa moja na maneno tunayoyatumia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ndiyo iliyozaa COSOTA, inatofautisha watu. Yuko mtunzi, ambaye ana hakimiliki. Wako mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi, ambao wana hakishiriki. Kwa wimbo mmoja unaweza kukuta watu watatu tofauti wenye haki tatu tofauti. Na sheria hiyohiyo ina sehemu ya pembeni inayohusu sanaa za jadi, zile zisizo na mtunzi anayejulikana, zilizo mali ya jamii. Sasa fikiria makala 100 zinazosema albamu fulani ni "ya asili", "ya jadi", "ya kwao Bukoba". Hazina nguvu ya kisheria. Ila zinamzoesha kila mtu, pamoja na msanii mwenyewe, kuiona kazi hiyo iko kwenye ile sehemu ya pembeni. Mtu akija na mkataba, swali la "nani alitunga" linaonekana kama usumbufu. Mhakiki aliyeuliza swali hilo gazetini mwaka 2001, hata bila kujua sheria, angekuwa amefanya kazi ya maana kuliko kumsifia sauti kwa aya nne.

Tumewahi kufanya vizuri zaidi ya hapa, na ndicho kinachonipa matumaini. Siti binti Saad, mwanamke wa kijijini Fumba, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, alipata mwandishi wa kumwandikia maisha, naye alikuwa Shaaban Robert. Mshairi mkubwa wa lugha yetu aliona mwimbaji ni mtu wa kuandikiwa wasifu kamili: asili yake, akili yake, bidii yake, namna alivyoupata ujuzi. Hakusema tu sauti tamu. Kweli, Siti aliimba Kiswahili, kwa hiyo Shaaban hakuhitaji mkalimani. Lakini je, Saida kukosa wasifu wa namna hiyo ni kosa la Kihaya, au ni uvivu wetu wa kumtafuta mkalimani? Wahaya wenye shahada nchi hii hawana uhaba, tunataniana nao kila siku kwa hilo.

Nasema haya kwa sababu kwetu huku suala halijaisha, ndiyo kwanza linaanza. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, Diamond akiwemo, walitoa wimbo wa pamoja wenye jina la Kiha, "Leka Dutigite". Jina Kiha, wimbo kwa kiasi kikubwa Kiswahili. Tulifurahi sana, mimi pia. Lakini ukitazama vizuri ni Maria Salome iliyogeuzwa: Saida aliimba lugha ya kwao akaweka Kiswahili kama chambo, sisi tukaimba Kiswahili tukaweka lugha ya kwetu kama pambo. Kijana wa Kasulu au Kibondo anayetunga leo chumbani kwake ameshayaona yote mawili, na anajua lipi linalipa. Anajua akiandika aya tatu za Kiha zenye methali alizopewa na bibi yake, watu watasema ana sauti ya asili, basi. Hakuna atakayesema aya ya pili ni dhaifu. Hakuna atakayesema ile methali ameipindua kwa ustadi. Na msanii asiyekosolewa maneno yake ataacha kuyahangaikia maneno. Atatafuta kiitikio.

Kwa hiyo naomba mambo madogo kwa wenzangu tunaoandika kuhusu nyimbo. Albamu ya lugha ya nyumbani ikitoka, usiandike neno juu yake kabla hujakaa na mtu mmoja anayeijua lugha hiyo, saa moja tu, wimbo kwa wimbo. Taja lugha kwa jina lake: Kihaya, Kiha, Kigogo, Kimakonde. Haijawahi kuvunja taifa. Andika nani ametunga, kama anajulikana. Kama kuna Kiswahili ndani, uliza kwa nini kimekaa pale kilipokaa. Na kama ni dhaifu, sema ni dhaifu. Hiyo nayo ni heshima, kwa sababu unamkosoa mtu, na "asili" haikosolewi.

Na Maria Salome? Isikilize upya, nzima, si kile kiitikio tu. Kaa na Mhaya, mnunulie soda, mwambie asimamishe kila baada ya mstari akueleze. Utagundua kuna mahali atasita, atacheka peke yake, aseme "hii kwa Kiswahili haiendi vizuri." Mwambie ajaribu hivyohivyo. Kazi tuliyoiacha mwaka 2001 inaanzia kwenye mistari ya namna hiyo.